Jenereta Lilipokwenda Arobaini

Friji letu nalijua kwa sauti kuliko kwa sura. Likiwa na umeme linanguruma taratibu, halafu linashtuka kidogo kama mtu aliyetaka kupiga chafya akaghairi, halafu linanyamaza, halafu linaanza tena. Nikiwa sebuleni nafanya kazi za shule, sikio moja liko kwake. Likikaa kimya zaidi ya kawaida, naitazama taa ya darini. Ikiwa inawaka, navuta pumzi. Ikiwa haiwaki, nakwenda kusimama mbele ya friji bila kulifungua, maana kulifungua ndilo kosa lenyewe.

Ndani mna dawa ya Bibi. Ni vichupa vya insulini, tumeviweka kwenye kopo la siagi lililokwisha, rafu ya katikati. Bibi ndiye aliyemzaa mama yangu, na sukari anaumwa tangu mimi sijaanza shule. Vidonge vilipomshinda akaanzishiwa sindano, asubuhi na jioni, na anayemchoma mara nyingi ni mimi, kwa sababu mkono wa Mama una haraka. Muuguzi alitueleza mimi na Mama kwamba dawa ile haitaki joto, na tena haitaki kuganda, ikiganda imekufa. Kilichonitia hofu zaidi ni kwamba kwa macho huwezi kujua. Dawa ya Bibi ina rangi ya maji ya mchele hata ikiwa nzima. Ikiharibika inabaki vilevile, unaivuta kwenye bomba la sindano vilevile, unamchoma vilevile. Utakuja kujua kwenye mwili wake.

Tulishajua mara moja. Ilikuwa msimu wa joto, umeme ulikatika siku mbili, na sisi tulikuwa tunalifungua friji kila mtu akiona kiu. Umeme ukarudi, tukafurahi, tukaendelea kumchoma dawa ileile. Wiki ile Bibi akawa anakunywa maji hayamtoshi, anatoka nje kila mara, mwisho akaanza kuniita kwa jina la dada yake aliyekwishafariki na kuniuliza kama nimeanika mpunga. Tulimpeleka hospitali ya Kilwa Masoko kwenye bajaji, kichwa chake kikiwa mapajani kwangu. Akapona. Lakini mimi tangu siku ile naishi na friji.

Baada ya hapo ndipo watu wazima wakakaa kikao cha kuchagua. Watu wazima maana yake ni Mama, Bibi mwenyewe, na mjomba wangu, kaka yake Mama, ambaye anauza simu na chaja karibu na soko. Mimi sikuitwa, nilikuwa nyuma ya pazia la mlango nachagua mchele, na kila walichosema nilikisikia.

Mjomba alitaka jenereta. Alikuwa nalo moja, lilibaki kwenye kile kibanda umiza alichokuwa anaonyeshea mpira kabla hakijamfia, na alisema tujaribu hilo kwanza, tukiridhika tutanunua lake jipya. Jenereta lina nguvu, alisema, linasukuma friji, feni na televisheni, na nyumba yenye jenereta inajulikana. Mama alitaka sola. Alisema jenereta linakula petroli kama linalipwa, lina moshi, na yeye kila siku alfajiri anakwenda Nangurukuru kuuza chai na chapati kwa abiria wa mabasi, sasa nani atakuwa analivuta kamba? Mjomba akajibu kwamba sola ni ya watu wa mashamba kule Miteja, ya kuwashia taa mbili na redio, na masika ikija utakula giza. Kuna fundi mmoja alikuwa amempa Mama wazo la tatu, betri kubwa inayojichaji kwa umeme wa kawaida na kuutoa ukikatika. Mjomba akauliza, sasa umeme usiporudi siku mbili, betri itajichaji kwa dua? Bibi alipoulizwa alisema yeye anataka kisichopiga kelele wakati wa sala, na hapo wote wakacheka, na kucheka huko kukawa ndio uamuzi. Jenereta likaja.

Mimi nilikuwa na neno, na sikulisema. Nikiitwa mbele ya darasa sauti inaishia kooni. Nyumbani si tofauti sana. Neno lenyewe lilihusu chumba chetu cha uani.

Chumba hicho kina masufuria ya mtaa. Ni masufuria makubwa ya shughuli, yale ya kupikia pilau la watu mia, pamoja na miko mirefu, mabeseni na mikeka, na mlinzi wake ni Bibi kama alivyokuwa mama yake. Harusi ikiwapo, msiba ukiwapo, maulidi yakiwapo, watu wanakuja kwetu, wanapiga hodi, wanabeba. Bibi hajawahi kumwambia mtu hapana. Sijui kama anajua neno hilo linavyotamkwa. Walikuja wakachukua mpaka kitanda chetu mara moja, wakakirudisha kimelegea miguu. Sasa jenereta lilipowekwa uani, mlango mmoja na masufuria, mimi nilijua. Nilikuwa nalitazama kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekwishafunga mizigo.

Likawa linafanya kazi vizuri. Mjomba alinifundisha kulivuta, na ingawa mara ya kwanza nilirudi nalo nyuma nikakaa chini, nilizoea. Bibi akawa ananiita fundi mke mwenzangu. Mke mwenza ndilo jina langu kwake siku zote. Anasema tunagombea mume mmoja, marehemu babu.

Basi ikaja Ijumaa moja, umeme ukakatika kabla ya magharibi. Jumamosi alfajiri ulikuwa haujarudi. Mama alilivuta jenereta kabla ya kuondoka, friji likapata ubaridi kidogo, akalizima ili petroli itutoshe, akaniagiza nilivute tena adhuhuri. Mjomba alikuwa amekwenda Lindi kufuata mzigo wake. Simu ya nyumbani ilikuwa imeisha chaji tangu usiku. Nilibaki mimi na Bibi.

Saa nne hivi ikapigwa hodi. Alikuwa kijana wa jirani yetu wa nyumba ya nyuma, na mwenzake. Baba wa yule kijana alikuwa amefariki, na siku hiyo ndiyo ilikuwa arobaini yake. Masufuria walikwishachukua jana. Yule kijana akamwamkia Bibi, akakaa kwenye kizingiti, akaanza kuzungukazunguka kwa maneno. Mtu waliyekodi jenereta kwake alikuwa amewageuka asubuhi hiyohiyo, mashekhe wamekwishaanza kufika, kipaza sauti hakina umeme, maji ya wageni ni ya moto. Hakuomba, yaani hakufika hata kwenye kuomba.

"Chukueni, wanangu," Bibi alisema. "Siku kama ya leo mtu anyimwe?"

Mimi nilikuwa namenya mihogo. Nilimtazama Bibi, Bibi akatazama miguu yake. Walilibeba, mmoja huku mmoja kule, na dumu la petroli juu. Mlango wa uani ukabaki wazi nikauona mchanga lilipokuwa jenereta, una alama nne na doa la oili.

"Mke mwenzangu, usininunie," akasema Bibi.

"Sijanuna."

"Umenuna. Midomo imefika Nangurukuru, inampelekea mama yako habari."

Akaniambia friji limefungwa, lina ubaridi wake wa kulitosha mpaka jioni. Sikubishana. Lakini nilipokwenda jikoni nilikanyaga maji. Barafu ya juu ilikuwa inayeyuka na kutiririka chini ya mlango wa friji mpaka kwenye gunia la mkaa. Niliweka kiganja ubavuni mwa friji, sikusikia kitu. Nikasema moyoni nitafungua mara moja tu, haraka. Kopo lilikuwa limetoa jasho. Vichupa vilikuwa na ubaridi wa maji ya mtungi, basi. Nje jua lilikuwa limekwishapanda, bati linalia kwa joto, na vile vilikuwa ndivyo vichupa vyote tulivyopewa. Hospitali walikwishatuambia kwamba vingine mpaka viletwe.

Nilijifunga ushungi nikaenda nyumba ya nyuma. Njiani nilikuwa napanga maneno. Nitasema, samahani, naomba jenereta letu saa moja tu. Nikasema hapana, nisiseme letu. Nikapanga tena.

Wanaume walikuwa mbele, chini ya turubai, wamekwishaanza kusoma. Sauti ya kipaza ilikuwa nzuri na chini yake nilisikia jenereta likinguruma kule nyuma. Nilizunguka uani kwa wanawake. Masufuria yetu yalikuwa yanatoa mvuke. Nikasimama. Kabla sijafungua mdomo mama mmoja akaniona, akasema afadhali umekuja mwanangu, akanipa kisu na beseni la vitunguu. Nikakaa. Nikamenya. Jenereta lilikuwa hatua chache tu kutoka mgongoni kwangu, navuta moshi wake, na mimi namenya vitunguu vya watu. Kila kitunguu nilichomaliza nilijiambia baada ya hiki. Machozi yakaanza kunitoka, ya vitunguu na mengine nisiyoyajua, na mama aliyekuwa pembeni yangu akanipangusa kwa ncha ya khanga akasema, "Pole mwanangu, marehemu alikuwa mtu wa watu." Nikaitikia kwa kichwa.

Aliyeniokoa ni kikombe cha chai. Walitaka mtu wa kumpelekea mjane chumbani, na mimi ndiye niliyekuwa karibu.

Mjane yule alikuwa ndani, anakaa eda ya mumewe. Alikaa kwenye godoro chini, kavaa nguo nyeupe, dirisha limefungwa nusu. Hatoki nje, na mwanamume wa kando haingii kwake. Pembeni palikuwa na friji lake, waya mrefu umepita chini ya mlango mpaka kwenye jenereta, na friji lilikuwa linanguruma.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Wewe si wa nyumba ya masufuria?" Akanitazama usoni. "Unamlilia mume wangu au vitunguu?"

"Vitunguu," nikasema. Halafu nikasema, "Na jenereta."

Nadhani alitaka kucheka, akajizuia kwa sababu ya siku yenyewe. Mimi nikasema yote kwa pumzi moja, nikitazama waya ule sakafuni: dawa, barafu, maji jikoni, Bibi kuniita kwa jina la dada yake. Hata sikumbuki nilianzia wapi.

"Bibi yako mbona hakusema?"

"Bibi hajui kusema hapana."

"Na wewe?"

Nikamsogezea chai. Yeye akategea sikio kisomo huko nje. Kisha akaniambia jenereta likizimwa sasa kisomo kitakatika mbele ya watu na hilo hawezi kulifanya, lakini friji lake linakula umeme wa jenereta letu, na yeye haendi popote. "Toa hizo soda," akasema. "Kalete dawa."

Nilikimbia. Nililowesha khanga, nikalizungushia kopo, nikatoka nalo nimelikumbatia. Bibi alikuwa barazani. Aliniuliza naipeleka wapi dawa yake, nikamwambia kwa mjane. Alitazama tena miguu yake. Akasema, "Haya. Mpe pole zangu."

Nilikaa chumba kile mpaka kisomo kilipokwisha. Nilikizungusha kidude cha kupunguza ubaridi mpaka mwisho ili dawa isigande, nikawa nalifungua friji kidogo kuigusa, nalifunga, najuta kwa nini nimelifungua. Watoto walikuwa wanaingia kufuata soda, na mjane akawa anawarudisha kutoka palepale kwenye godoro. "Soda zimehamia kwenye beseni," anawaambia. "Humo mna mgonjwa." Mtoto mmoja akauliza mgonjwa gani anakaa kwenye friji, akaambiwa mzungu.

Katikati ya kisomo jenereta likakohoa. Tukainua vichwa wote wawili. Likakohoa tena, likazima. Friji likanyamaza, kipaza sauti kikafa, na kwa muda hapakuwa na kitu ila sauti za wanaume wanaoendelea kusoma bila kipaza, za chini, zimechanganyika. Nilimtazama mjane nikaona amefumba macho, na uso wake umetulia kuliko nilivyoukuta. "Wacha wasome hivyohivyo," alisema kwa sauti ndogo, nadhani hakuwa anasema na mimi. Nje walikuwa wanakimbizana na dumu la petroli. Jenereta lilipovutwa likaitika, mimi nilifurahi, na yeye akafumbua macho kama mtu aliyeamshwa. Mpaka leo nikikumbuka furaha yangu ile naona vibaya kidogo.

Jioni vijana walilirudisha, na sahani kubwa ya pilau juu. Mama alipofika akalikuta friji lina maji na kopo halipo, mimi nikiwa bado njiani nalo. Kabla hajaelezwa sauti yake ilikuwa imefika mtaa wa tatu. Bibi alimjibu kwa upole kwamba atulie, dawa ilikuwa imekaa eda, sasa imetoka. Mama hakucheka. Alimchoma mwenyewe jioni hiyo, na kesho yake asubuhi, na mimi nilikuwa nasimama mlangoni nahesabu vikombe vya maji ambavyo Bibi anakunywa. Umeme ulikuwa umerudi usiku. Siku zilizofuata Mama alimpima kidoleni kwa kimashine cha kupimia sukari, akakaa anakitazama, kisha akasema alhamdulillahi na kwenda kujilaza. Dawa ilikuwa nzima.

Mjomba alirudi kutoka Lindi, wakakaa tena. Safari hii hakukuwa na mtu aliyenifukuza, nilikaa pembeni kwenye mkeka. Mjomba hakuona tatizo liko wapi. Jenereta limefanya kazi au halijafanya? Limefanya. Limetoka, limerudi. Sasa wanunue jipya, lenye nguvu zaidi. Mama akasema mara nyingine Bibi akatae tu kuliazimisha. Wote wakamtazama Bibi. Bibi akavuta khanga akajifunika vizuri mabega, na nikaona anajisikia kama mtoto aliyevunja kitu.

Hapo nikasema. Sauti ilitoka ndogo na ikapasuka katikati. "Mjomba, tununue kitu kisichoweza kutoka mlangoni."

"Kumbe huyu naye anaongea," mjomba akasema. "Sola nayo si inafunguliwa tu?"

"Mtu hawezi kupanda juu ya bati la watu kuazima."

Mama aliangua kicheko. Mjomba akasema sawa, masika ikija msinipigie simu. Zamu ya Mama ya upatu ilipofika, fundi akaja, akafunga paneli mbili juu ya bati kwa boriti na misumari mirefu, akaingiza waya chumbani kwa Bibi, betri ikawekwa kwenye kasha la mbao lililopigiliwa ukutani. Tukapata na kifriji kidogo cha sola, urefu wa goti. Sola hiyo televisheni haiwashi, feni haizungushi. Inaweka dawa baridi, basi. Jenereta lilirudi kwa mjomba.

Nilifikiri nitalala. Kwenye lile kasha kuna kidude cha kuonyesha chaji ya betri, chenye taa tatu, kijani ikijaa, njano ikipungua na nyekundu ikikaribia kuisha, na sasa ndicho ninachokitazama badala ya kusikiliza. Watu wa mtaa waligundua mapema kwamba umeme ukikatika kwetu kuna mahali pa kuchaji simu. Wanakuja mmojammoja, wanamwamkia Bibi, Bibi anaziweka simu zao juu ya mto wake zimejipanga kama samaki, na mimi naona kijani inakwenda njano. Mwezi huu kumenyesha siku tatu mfululizo, mawingu yamekaa tu juu ya bahari. Siku ya tatu taa ilikuwa njano asubuhi, na nilikwenda shule nikiwa sijui mwalimu anafundisha nini. Niliporudi niliziondoa simu zote, nikawarudishia wenyewe mlangoni, nikiwaambia mpaka jua. Mwanamke mmoja alinisonya. Nikarudia, mpaka jua.

Juzi wakaja watu wa harusi. Masufuria walichukua, mikeka wakachukua. Kisha mmoja wao, mama mmoja mwenye maneno mengi, akamwambia Bibi amesikia tuna betri nzuri, na wao usiku wa hina wanahofia umeme, wangeomba kwa usiku huo mmoja tu. Nilikuwa jikoni. Niliacha nilichokuwa nafanya, nikaja mpaka mlangoni.

Bibi alinyanyuka taratibu, akamshika yule mama mkono, akampeleka mpaka chumbani kwake. Akalishika kasha akalitikisa, lisitikisike. Akamwonyesha misumari.

"Tazama, mwanangu," alisema. "Wamelipigilia. Ningependa nikupe, lakini hata mimi mwenyewe siwezi kulitoa."

Yule mama akaligusa, akasikitika pamoja naye, akaondoka na miko yake. Bibi akarudi barazani, akakaa, akanyoosha miguu. Alikuwa na uso ambao sijawahi kumwona nao tangu nizaliwe, wa mtu aliyetua mzigo njiani na hakuna aliyemwona.

"Mke mwenzangu," akaniita. "Hebu nenda katazame ile taa ina rangi gani."

Nilikwenda. Ilikuwa njano.